Kadi za maziwa na kompyuta iliyofungwa: kisa cha ushirika mmoja wa wafugaji, Tanga

Ushirika ninaousimulia hapa uko mkoani Tanga, na viongozi wake wameniruhusu nieleze yaliyowapata ili wenzao wajifunze. Jina lake, majina ya vituo na ya watu nimeyaacha, na idadi na siku nimezisogeza kidogo. Mimi ni fundi wa kompyuta. Niliitwa siku ya kwanza nikabaki nao hadi mwisho, kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Ushirika ulivyokuwa

Wanachama ni zaidi ya 300, wengi wao wana ng'ombe mmoja au wawili wa kufugia bandani. Maziwa hukamuliwa alfajiri na jioni, yakapelekwa kwa baiskeli, bodaboda au kichwani hadi kituo cha kukusanyia. Vituo viko vitano, na kimoja kinapakana na shamba la mkonge. Karani wa kituo huyapima kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, huyatia alkoholi kuona kama yameanza kuharibika, huhesabu lita, kisha huyamimina kwenye tangi la kupozea. Gari la kiwanda hupita mara moja kwa siku. Mfugaji hulipwa mara mbili kwa mwezi, baada ya kukatwa pumba, mashudu, dawa na mkopo.

Kwa miaka mingi kila lita iliandikwa mara mbili: kwenye leja ya kituo na kwenye kadi ya mfugaji, ile kadi ngumu inayokaa ndani ya mfuko wa nailoni. Karani aliandika kote kuwili na kutia sahihi. Ilipofika siku ya hesabu, mhasibu alijifungia na kikokotoo siku tano nzima.

Kisha ikanunuliwa programu. Ofisini ikawekwa kompyuta moja iliyofanywa seva, yaani mashine ya kupokea na kutunza data zote, na vituo viwili vikapewa tableti. Karani akiandika lita kwenye tableti, mfugaji anapata ujumbe mfupi kwenye simu yake papo hapo. Hesabu ya siku tano ikawa ya mchana mmoja. Nataka hili lieleweke vizuri: programu ile ilikuwa na faida ya kweli. Makosa ya kujumlisha yaliisha, na yale manung'uniko ya "karani kanipunja lita" yalipungua sana.

Baada ya miezi michache bodi ikaamua kwamba vile vituo viwili vya tableti viache kadi. Sababu zao zilikuwa za maana. Kadi zinagharimu kuchapisha, karani anaandika kitu kilekile mara mbili, foleni inarefuka, na kwenye joto la Tanga maziwa hayangoji foleni. Nilikuwepo kwenye kikao kile, nami niliunga mkono.

Mambo mengine matatu yaliwekwa bila mtu kuyatazama mara ya pili. Mtaalamu aliyeuza programu alikuwa Dar es Salaam, hivyo kwenye ruta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, kukaachwa mlango wazi ili aingie kwenye seva akiwa kwake badala ya kupanda basi. Neno la siri la kuingilia lilikuwa jina la ushirika na mwaka ulioanzishwa. Na diski ya nje ya kuhifadhia nakala ilichomekwa nyuma ya seva, ikawa inanakili kila siku saa nane usiku, wala haikuwahi kuchomolewa.

Yaliyotokea

Jumatatu moja ya masika, saa moja na nusu asubuhi, karani wa ofisi aliwasha skrini akakuta mafaili yote yamegeuka kuwa alama nyeupe. Kila jina la faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi asizozijua. Ndani ya kila folda palikuwa na barua fupi ya Kiingereza: mafaili yenu yamefungwa, lipeni kwa Bitcoin (sarafu ya mtandaoni), zikipita saa 72 bei inapanda mara mbili.

Alidhani ni kirusi cha kawaida cha flashi. Akaizima kompyuta akaiwasha, mara mbili. Saa tatu mhasibu alinipigia, nikamwambia achomoe waya wa mtandao nyuma ya mashine na asiizime tena. Nilipofika, kitu cha kwanza nilichotazama ni diski ya nje. Nayo ilikuwa na mkia uleule. Nakala ilikuwepo kila usiku, kama walivyoamini wote, ila kirusi kiliona diski ile kama sehemu ya mashine, kikaifunga pamoja na vingine.

Kumbukumbu za Windows, mfumo unaoiendesha kompyuta ile, hazikuwa zimefutwa, na zilieleza mengi. Siku kumi na mbili nyuma mtu, au tuseme mashine ya mtu, ilianza kubisha kwenye ule mlango wa mbali. Ilibahatisha maneno ya siri usiku kucha, maelfu kwa maelfu. Usiku wa tisa ikapata. Zikafuata siku tatu za ukimya ambazo aliyeingia alizunguka, akazima kinga ya virusi, akatazama kilichomo. Usiku wa kuamkia Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, akafunga kila kitu.

Malipo ya wafugaji yalikuwa yatoke Alhamisi.

Maamuzi, na kwa nini

Bodi ilikutana mchana ule ule. Makamu mwenyekiti alitaka tulipe, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kiasi kilichodaiwa kilikuwa kidogo kuliko malipo ya nusu mwezi. Mama mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, kabla hatujazungumza pesa, wewe huwezi kulifungua hili dude?"

Nilimjibu kwa hadithi mbili, nami naziandika hapa kwa sababu bila hizo uamuzi ule hauelezeki.

Mwezi Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo waliohudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Zilidai kuwa na programu ya kupima hatari ya mtu kuambukizwa. Mtumaji alikuwa mwanabiolojia Mmarekani, Joseph Popp. Programu ilikaa kimya ikihesabu kompyuta imewashwa mara ngapi. Ilipofika mara ya 90 hivi, ilivuruga majina ya mafaili na kudai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Ndicho kirusi cha fidia cha kwanza kinachojulikana. Lakini kilikuwa na udhaifu: ufunguo uliofungia ndio huohuo wa kufungulia, nao ulifichwa ndani ya programu yenyewe. Wataalamu waliipasua, wakaupata, wakagawa dawa.

Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha kwamba mhalifu angeweza kuuziba udhaifu ule kwa kutumia funguo mbili, ufundi ambao hisabati yake ilitangazwa na watafiti wengine wawili, Diffie na Hellman, mwaka 1976. Nilimweleza Mama mwenyekiti hivi: mtu akikupa kufuli lililo wazi, unaweza kulibana wewe mwenyewe bila ufunguo. Kulifungua ndiko kunakotaka ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwake. Kirusi kilichoingia kwenu kilikuja na kufuli tu. Hata nikikipasua vipande vipande, ufunguo simo humo nitakamoukuta.

"Basi tumpe pesa atupe ufunguo," alisema makamu.

Hapo ndipo kikao kilipochukua muda. Nilisema nisichokuwa na shaka nacho: hakuna anayeweza kutuhakikishia kwamba ataleta ufunguo, wala kwamba hatarudi, kwa sababu mlango aliopitia anaujua. Mhasibu aliongeza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Pesa ile ilikuwa ya wafugaji, na bodi haikuwa na idhini ya mkutano mkuu kuipeleka kwa mtu asiye na jina wala stakabadhi. Angeiandika wapi kwenye vitabu? Hoja hiyo ndiyo iliyomaliza mjadala. Wakaamua wasilipe.

Tulitazama pia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, ambao hutoa bure funguo za virusi vilivyokwisha kuvunjwa. Cha kwetu hakikuwemo. Hata hivyo niliizuia diski isifutwe. Nilitia mpya, nikaifunga ile ya zamani kwenye bahasha na kuiweka kabatini, maana funguo nyingine hupatikana baada ya miaka, wahusika wakikamatwa.

Uamuzi uliofuata ulikuwa wa kuwaambia wafugaji. Makamu aliogopa kwamba watu watakimbilia kwa wachuuzi wa maziwa. Lakini tayari jioni ile kwenye kituo kimoja kulikuwa na maneno kwamba mhasibu kala hela na kompyuta ni kisingizio. Mama mwenyekiti akasema yeye mwenyewe atasimama vituoni alfajiri, kimoja baada ya kingine, na alifanya hivyo siku mbili mfululizo. Maneno yake yalikuwa machache: mashine imevamiwa, maziwa yenu hayajapotea, leteni kadi.

Kadi zilivyorudi

Kwenye vile vituo vitatu vilivyobaki na kadi, kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Kufikia Jumatano kadi karibu zote zilikuwa mezani, na tukazilinganisha na leja za vituo mstari kwa mstari. Zilizoloa zilisomeka kwa leja, na leja iliyorukwa jioni na karani aliyechoka ilisomeka kwa kadi.

Mzee mmoja alikuja na kadi za miaka yote aliyokuwa mwanachama, zimefungwa kwa kamba ya katani. Nilimuuliza kwa nini amezitunza zote. Akaniambia, "Mwanangu, baba yangu alikata mkonge. Walikuwa na kipande, karatasi ya siku thelathini, kila siku uliyofanya kazi inatiwa alama. Karani akisema umefanya ishirini na nane, unatoa kipande. Yeye ana kitabu chake na wewe una chako. Mwenye kitabu peke yake ndiye anayeamua ukweli." Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kusikia mtu akieleza nakala rudufu kwa ufasaha huo.

Vituo viwili vya tableti ndivyo vilivyotuumiza. Huko tableti zilikuwa zimechukua nafasi ya leja pia, nazo zilikuwa zikipeleka data kwenye seva na kujifuta kila zilipopata mtandao. Ushahidi uliobaki ulikuwa ujumbe mfupi kwenye simu za wafugaji. Wenye simu janja waliutoa wote, siku baada ya siku. Lakini karibu nusu ya wanachama wa vituo hivyo wanatumia kitochi, na kitochi kikijaa ujumbe lazima ufute ndipo mwingine uingie. Wengi walikuwa na ujumbe wa siku tatu au nne tu. Wengine walifuta kila siku, kwani nani aliwaambia kwamba ule ujumbe ndiyo kadi?

Tulipata msaada kutoka tusikotarajia. Dereva wa kiwanda huacha hati ya kupokelea maziwa kila siku kwa kila kituo, na hati hizo zilikuwa kwenye faili la karatasi. Kwa hiyo tulijua jumla ya lita za kituo. Tukatoa lita za waliokuwa na ushahidi, na zilizobaki zikawa za wasio nao. Tatizo likawa namna ya kuzigawa. Niliyependekeza ni mimi: tuzigawe kwa uwiano wa nusu mwezi uliotangulia, kwa kuwa orodha yake ya malipo ilikuwa imechapishwa.

Hesabu ilikuwa safi na haikuwa ya haki. Mjane mmoja ng'ombe wake alikuwa amekaushwa kusubiri kuzaa ule wakati uliotangulia, akaleta lita mbili tatu tu za ng'ombe wa pili. Nusu mwezi iliyofungwa ndiyo aliyozaa, na maziwa yalikuwa mengi. Kwa uwiano wangu alipata chini ya theluthi ya haki yake. Hakulalamika ofisini. Ni jirani yake aliyekuja, akasema, "Mimi napanga naye foleni kila asubuhi, ndoo yake naijua." Tulipoita majirani wa kila mfugaji asiye na ushahidi, tulirekebisha watu tisa. Ilitupasa kuanza na majirani.

Kwa mikopo na hisa, tulikuwa na bahati ambayo haikustahili kuitwa mpango. Mhasibu alikuwa amenakili faili la salio kwenye flashi yake miezi mitatu nyuma ili akafanyie kazi nyumbani, jambo lililokatazwa na kanuni za ofisi. Tulianzia hapo, tukaongeza stakabadhi za karatasi za miezi mitatu.

Matokeo

Wafugaji wa vituo vya kadi walilipwa siku moja baada ya siku yao. Wa vituo vya tableti walipewa sehemu ya malipo siku ileile, na waliobaki na salio walikamilishiwa siku ya sita. Wanachama wachache walihamia kwa wachuuzi, baadhi wakarudi. Fidia haikulipwa, saa 72 zikapita, na hakuna aliyewasiliana tena. Taarifa ilipelekwa polisi, kwa kuwa kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini na kuharibu data ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tuliipeleka siku ya nne. Tulipaswa kuipeleka siku ya kwanza, nilipokuwa bado na anwani zote za mtandao mezani na kumbukumbu ya kila mtu ni mpya.

Uchambuzi

Nianze na neno la siri kwa kuwa ndipo mlango ulipofunguka. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti ya wakati ule. Inakadiriwa kuwa iliziangusha kompyuta 6,000 hivi, wakati mtandao mzima ulikuwa na takriban 60,000. Miongoni mwa mbinu zake ilibeba orodha ya maneno 432 ya kubahatisha, pamoja na majina ya watumiaji wenyewe. Zilitosha. Orodha za leo zina mamilioni ya maneno, na mashine inayobahatisha haichoki wala haijui kwamba inabisha kwa ushirika wa maziwa. Viongozi waliniuliza mara nyingi, "Nani anatuchukia hivi?" Hakuna aliyewachukia. Mlango ulikuwa wazi, ukabishwa kama milango mingine yote iliyo wazi duniani.

Watu wengine walioipitia ripoti yangu walilaumu Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020 na ambayo ndiyo ilikuwa kwenye seva. Ni kweli ilikuwa hatari. Katika shambulio la kirusi cha fidia WannaCry la tarehe 12 Mei 2017, lililopiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la Windows, kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi, na walioumia ni ambao hawakukiweka. Ila kisa chetu hakikupita huko. Aliyeingia alikuwa na neno la siri sahihi, na hata mashine mpya kabisa ingemfungulia.

Jambo ambalo nimelitafakari zaidi ni kadi. Tulipoziondoa tulidhani tunaondoa kazi ya kurudia. Kumbe tuliondoa kitabu cha upande wa pili. Uingereza ya zamani, hazina ya mfalme ilichonga alama za deni kwenye kijiti, ikakipasua katikati, kila upande ukabaki na nusu yake. Mmoja akidanganya, vijiti havikutani. Walifanya hivyo kwa karne nyingi hadi 1826, na ilipofika 1834 wakavichoma vijiti vya zamani kwa wingi hata moto ukateketeza jengo la Bunge. Kijiti, kipande cha mkonge na kadi ya maziwa vina tabia moja: nusu iko mikononi mwa mtu ambaye mwenye leja hamwamrishi. Ujumbe mfupi ungeweza kuwa hivyo, lakini uliwekwa bila kuuliza mfugaji ana simu gani.

Diski ya nje nayo ilikuwa nakala ya pili kwa jina tu. Ilikuwa mahali pamoja na ya kwanza, kwenye umeme mmoja, chini ya mamlaka ya mashine ileile. Flashi ya mhasibu, iliyovunja kanuni, ilifaa zaidi kwa sababu ilikuwa imelala kwenye droo nyumbani kwake. Hata hivyo siisifu. Ilibeba majina, simu na madeni ya watu zaidi ya 300 bila kufungwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ushirika unawajibika kwa taarifa kama hizo. Ingeangukia kwenye daladala, tungekuwa na kisa kingine.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko ufundi wangu wote ni Mama mwenyekiti kusimama vituoni. Kadi zililetwa kwa sababu watu walimwamini. Ushirika wenye programu hiyohiyo, na bodi iliyojificha ofisini, ungepata kadi chache na kelele nyingi.

Palipo sasa

Mlango wa mbali umefungwa. Mtaalamu akihitaji kuingia anapiga simu, unafunguliwa, kisha unafungwa. Kadi zimerudi vituo vyote vitano pamoja na tableti, na foleni imerefuka kidogo kama tulivyojua itarefuka. Kuna diski mbili za nje zinazopokezana. Kila Ijumaa, ile iliyojaa huchomolewa, hufungwa kwa neno la siri, na huondoka na gari la kiwanda kwenda kukaa kwenye kituo cha mbali zaidi.

Mwisho wa kila mwezi nakala hurudishwa kwenye kompyuta ya pembeni kuona kama inafunguka. Jaribio la kwanza lilishindwa: tulikuwa tunanakili programu bila hifadhidata yake, na tungeendelea hivyo miaka. La pili lilifunguka likiwa na pengo la siku mbili. La tatu lilichukua chini ya saa tatu na hesabu zilikutana na leja hadi lita ya mwisho, nalo halikufanywa na mimi. Lilifanywa na yule karani wa ofisi aliyewasha skrini ile Jumatatu.